Mikono ya Mama Kiunoni

Jumatatu, 3 Machi
Miguu ya chuma imeletwa. Ya kuazima! Daktari wa mazoezi kanifunga mikanda kiunoni, mapajani, mpaka nyayoni. Kamera mbele inasoma ardhi — ngazi, mteremko, utelezi. Nyayo zinapima uzito. Nikijikaza, mashine inapunguza nguvu zake, nikilegea, inaongeza. Tangu nianguke kazini na ndoo yangu ya rangi sijawahi kusimama. Leo nimesimama! Mama kacheka: hili dude limemkumbatia binti yangu mbele ya macho yangu, basi huyu ni mkwe.

Alhamisi, 6 Machi
Hadi jikoni na kurudi. Maji yalikuwa yamemwagika; kabla sijayaona, mashine ikafupisha hatua. Aisee! Mama yuko nyuma, kashika mkanda, ananinyanyua kila hatua. Namwambia aache, mgongo wake wenyewe mbovu. Ati uchungu wa mwana aujua mzazi, chuma hakikuzaa. Mkaidi! Najua nilikorithi.

Jumanne, 11 Machi
Daktari kasoma kumbukumbu za mashine. Kafurahi mno. Ati sasa karibu nguvu zote ni zangu, nimepona, Ijumaa anaichukua mashine ampelekee mgonjwa mwingine. Mama kaita majirani.

Walipoondoka nikajaribu peke yangu, nimeshika meza. Goti likakunjika. Mashine ikaniacha niende chini.

Nimeelewa. Nyuma haioni! Mikono ya mama imeihesabu kuwa miguu yangu. Kadiri alivyoninyanyua, ndivyo yenyewe ilivyojifunza kunisaidia kidogo. Nina hasira! Nikinyamaza, miguu inaondoka. Nikisema, mama atajua ni yeye. Nitamwambiaje?

Ijumaa, 14 Machi
Nimeshindwa kumwambia.

Daktari kaja. Kabla ya kuichukua, anataka kunirekodi nikitembea hadi mlangoni. Mama kashika mkanda kama kawaida. Nikamwambia: mama, niachie. Kwa nini? Niachie tu, mama yangu.

Kasogea ukutani, anatabasamu.

Nimeanguka hatua ya kwanza.

Daktari kaniinua, kakagua mashine, kisha kamwuliza mama taratibu: huwa unamshika wapi? Maskini mama! Kamwonyesha kwa fahari — hapa, halafu unavuta juu hivi, kwa nguvu zako zote.

Wamehamia sebuleni, mlango wameurudisha. Namsikia daktari akimweleza. Kamaliza. Mama anamwuliza: kumbe ni mikono yangu hii?