Neno la Mwisho la Profesa Masha

Caroline, uko? Ile warsha ya kumkumbuka Profesa Masha imeisha.

Wakumbuka alivyotufundisha misimbo? Ujumbe usiotaka upotee njiani, urudie mara tatu.

Sasa mkewe kasimama mbele yetu, kasema: "Hospitalini alisema 'haikuwa ajali' mara tatu, kisha akakata roho. Manesi wakaniambia anaweweseka."

Mara tatu, Caroline!

Dishon, msaidizi wa Profesa, akaniinamia: "Mama amechanganyikiwa na msiba. Twende nikufikishe kwenu Mjambere."

Nikapanda gari kwa mazoea. Akili imenijia mlango ushafungwa: siku ya ajali ya gari, aliyekuwa akimwendesha Profesa ni yeye.

Kona ya kwetu tumeipita. Auliza namwandikia nani.

Niko na Dishon.

Niko na Dishon.

Niko na Dishon.