Fisi na Taa za Gari la Mjomba

Karatu, Jumatano

Shikamoo Mjomba Emilian,

Hili sijamwambia mtu. Kwenye daftari langu la visa vya magari ya watalii, kisa chako nilikiandikia "uongo", chini ya kile cha tembo aliyekalia boneti. Tajiri wako, mwenye gari, aliposema umegonga jiwe ukavunja taa za nyuma, kisha ukamsingizia fisi, akakusimamisha kazi, nilimwamini yeye. Nisamehe.

Sisi wazima. Mama amevuna maharage ya ngwara, nami nimefaulu Biolojia.

Jana nilikwenda gereji kuliangalia gari. Fundi Bartolomeo alinionyesha bampa la nyuma na nyaya za taa zilizotafunwa.

"Mwanafunzi, siku hizi mawe yana meno?"

Kwenye bampa ilining'inia kamba yenye mafuta ya nyama, imekatika. Nikakumbuka mguu wa mbuzi uliotuahidi kutoka Endulen, ambao haukufika. Tajiri hataki nyama kwenye gari la wageni. Kumbe uliufunga nyuma ya gari, fisi akaufuata, na ndiyo maana hukumtajia mbuzi.

Niliichukua kamba, nikaenda kwa tajiri, nikamweleza yote, hata habari ya mbuzi. Alicheka mpaka akakaa chini. Amesema urudi kazini Jumatatu, bila kitoweo. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari, nikafuta "uongo".

Mpwa wako,
Brigita