Gogo, Chebet Alimaliza Ukurasa

Mpendwa Gogo,

Nakuita Gogo, yaani bibi kwa Kipsigis, kama Chebet wetu anavyokuita, maana neno "mama mkwe" halikuwahi kunitoka mdomoni vizuri, na wewe mwenyewe uliniambia ukiitwa hivyo unajiona kama mtu aliyekuja kukagua sufuria za wenyewe. Na ulikuwa ukizikagua, tusidanganyane. Leo nimekalia kile kigoda chako nje ya jikoni, pale unapoyaona majani yetu yote ya chai hadi barabara ya Litein, na nina habari ambayo nimeshawaambia majirani wote. Umebaki wewe.

Mjukuu wako amemaliza ukurasa. Insha ya ukurasa mzima, kuanzia tarehe hadi nukta ya mwisho, kwa mkono wake, bila mtu kusimama nyuma yake. Jumatatu mwalimu wake wa Gredi ya Nne aliniita shuleni, nami nikaenda nimekunja uso tayari, kwa sababu miaka yote tulipoitwa shuleni tulijua tunaitiwa nini. Akanipa daftari. Nikasoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena, nikalia mbele ya mwalimu, mimi ambaye hata kwenye mazishi yako nilijikaza.

Unamkumbuka alivyokuwa. Ukimtuma chumvi dukani anarudi baada ya saa nzima na kifaranga cha jirani, kiatu kimoja, chumvi hana, na ukimuuliza alitumwa nini anakukodolea macho. Darasani aliandika sentensi mbili, ya tatu ikaishia katikati, naye yuko dirishani anahesabu ng'ombe wanaopita. Nilimwita mzembe. Nilimchapa pia, na hilo unalijua, maana ni wewe uliyetoka shambani siku ile ukasimama katikati yetu, kikapu cha majani bado mgongoni.

"Wacha, Mama Chebet. Huyu mtoto hajakataa. Ameshindwa."

Nilikujibu kwamba wewe ulishalea wako, uniachie wangu. Ulitua kikapu, ukaingia ndani, ukanipikia chai.

Halafu mwalimu wa Gredi ya Pili akatuambia shida ni lugha. Nyumba moja, Kipsigis kwako, Kikisii kwangu, Kiswahili kati yetu sote, na huko shuleni Kiingereza: kichwa cha mtoto kimejaa, chagueni moja. Alisema kwa nia njema, simlaumu. Lakini nitakuambia ukweli ambao sikukuambia ukiwa hai: kuna sehemu yangu iliyofurahi. Nilikuwa nimekaa miaka tisa katika boma lako nikiwasikia wewe na Chebet mkicheka vitu nisivyovielewa, na kila mara nilidhani mnanicheka mimi. Kwa hiyo nilikuja jikoni kwako kifua mbele, nikakuambia kuanzia leo mtoto asemeshwe Kiswahili tu.

"Sawa," ukasema. "Nitaongea na yeye hiyo Kiswahili kidogo niko nayo."

Na ulitimiza. Mwaka mzima, Gogo, uliongea na mjukuu wako kama mtu anayeongea na mgeni. Kuja. Kula. Keti hapa. Hadithi zikakauka, kwa kuwa hukuwa na Kiswahili cha kuzisimulia. Chebet naye hakubadilika hata kidogo, alipoteza tu viatu zaidi. Mimi niliona hayo yote na nikanyamaza, kwa sababu kurudi jikoni kwako kusema nimekosea kulikuwa kugumu kuliko kubeba gunia la majani mlimani.

Ni wewe uliyesikia habari za daktari. Mwanamke mmoja pale kituo cha kuuzia majani alikuambia mjukuu wake alikuwa hivyo hivyo, hatulii, anasahau, akapelekwa Kericho kwa daktari wa watoto akaangaliwa. Ulikuja ukanieleza mambo yote kwa pumzi moja. Baba Chebet alisema mtoto atakua ataacha. Ulimjibu kwa Kipsigis maneno ambayo hadi leo amekataa kunitafsiria, na kesho yake asubuhi alikuwa amevaa koti la kanisani, anatungoja.

Kule kliniki walimpima masikio kwanza, halafu macho. Vyote vizima. Kisha tukaingia kwa daktari, Chebet akapanda kiti, akashuka, akafungua droo, akaifunga. Daktari hakumkemea. Alitaka kujua mtoto alikuwaje kabla ya kuanza shule, nyumbani, kila siku. Nikamwambia ukweli. Miaka hiyo mimi nilikuwa sokoni Litein na mboga zangu tangu asubuhi. Aliyekuwa na mtoto ni wewe.

Daktari akakugeukia. "Chamgei, Gogo," akakusalimu.

Ukaniangalia kwanza. Mwanamke wa umri wako, mbele ya mwanawe, ukaniomba ruhusa kwa macho ili uongee lugha yako. Aibu niliyoipata pale sijaimaliza bado. Nikatikisa kichwa kukubali, nawe ukaanza, na hukusimama. Ulionyesha kwa mikono, ulicheka, ulimgusa Chebet begani. Chebet akaacha droo, akaja akakuegemea, akakusahihisha mahali fulani kwa Kipsigis kilichonyooka. Mwaka mzima wa kukatazwa, na hakikupotea.

Daktari aliandika sana, halafu akanifafanulia. Ulikuwa umemweleza kuhusu ufito. Sisi sote hapa tunaulaza juu ya michai ili tuchume kwa usawa, lakini wewe ulikuwa unaulaza michai mitatu mbele ya Chebet na kumwambia mwisho ni hapo. Akifika, unamwachia akimbie hadi mtoni na kurudi. Ukikuta amerudi, unausogeza ufito. Mstari mzima ulimshinda. Ufito haukuwahi kumshinda. Mimi nilikuwa nimeona mchezo huo Jumamosi ngapi, nikidhani unampotezea muda.

"Huyu gogo amefanya kazi yangu nusu," daktari akasema. Nilimuuliza juu ya lugha, sauti yangu ikiwa chini. Akasema lugha nyingi haziwezi kuleta hali hii. "Mrudishie mtoto gogo wake, mama." Akatupa fomu tatu za kujaza, moja ya mwalimu na mbili zetu, tungoje majibu.

Nilikurudishia, lakini kwa njia ya kijinga. Tulipofika nyumbani nilisema tu, "Unaweza kuongea naye vile unataka," kama mtu anayekupa ruhusa ya kutumia kikombe. Hadithi zikarudi. Mkapata miezi miwili. Kisha presha ikakuchukua, na majibu yakatoka wiki mbili baada ya kukuzika.

Fomu za mwalimu na zetu zilikuwa zimekubaliana na maneno yako. Daktari akatuambia hali hiyo jina lake ni ADHD. Si uvivu, si laana, si malezi mabaya. Ni namna ubongo wake ulivyoumbwa, unashindwa kukaa kwenye kitu kimoja hata mwenyewe akitaka. Hajakataa, ameshindwa. Niliposikia hivyo nilitafuta uso wako kwenye kiti cha pembeni. Dawa zipo, akasema, tutazizungumza ikihitajika, ila tuanze na kumkatia kazi vipande vidogo. Baba Chebet akamwambia, "Hiyo mama alianza kitambo."

Sasa Chebet anakaa dawati la mbele. Mwalimu anamwekea rula chini ya mstari wa nne. Akifika anasimama, anafuta ubao au anapeleka daftari za wenzake, anarudi, rula inasogea. Si kila siku anaweza. Juzi amepoteza sweta la tatu muhula huu, na nimepiga kelele mpaka kuku wakahama. Lakini nikishapiga kelele tunaenda kulitafuta pamoja, na siku hizi fimbo nyumbani kwetu ni ya ng'ombe peke yake. Najivunia yeye, Gogo, mpaka watu wamechoka nami sokoni. Na ninajivunia wewe. Nawaambia wateja kwamba mama mkwe wangu, ambaye hakumaliza hata darasa la pili, aliliona jambo ambalo sisi tulihitaji fomu tatu kuliona.

Insha yenyewe ilikuwa juu ya mtu anayempenda. Kuna mahali ameandika hivi: "Gogo yangu alikuwa na hadithi nyingi, halafu zikaisha, halafu zikarudi." Hakuandika ni nani aliyezikatiza. Sijui kama anajua. Mimi najua. Nisamehe, Gogo. Nilikunyima mjukuu wako mwaka mzima, na nilipokurudishia sikukuomba msamaha. Nakuomba sasa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, na majani yako yamechipuka yanangoja kuchumwa.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho mimi na wewe. Lakini umeongea Kiswahili cha kutosha kwa ajili yangu. Jumapili baada ya kanisa tutakuja kaburini, na Chebet atakusomea barua hii kwa Kipsigis, yote, huku mimi nikisikiliza na kushika neno moja moja. Nilimuonya kwamba ni ndefu. Akauliza ina kurasa ngapi, akafikiria, kisha akaenda nyuma ya mlango na kuuchukua ufito wako.

Saisere, Gogo, kwaheri. Kongoi, asante.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Mama Chebet