Kuku Namjua Mimi

Jumanne, 5 Novemba
Bustanini saa kumi na mbili asubuhi, kisha soko la Zhongda kuchagua vitambaa. Kama kawaida. Miezi minane sasa najifunza xingyi, ngumi za Kichina zinazoiga wanyama. Nguvu inatoka tumboni na kwenye pumzi, si kwenye misuli. Jumapili tunaonyesha mbele ya watu. Wanyama kumi na wawili, wanafunzi kumi na wawili. Mwalimu Liang kagawa leo. Bibi Chen, miaka sabini, kapewa chui milia. Mimi kuku. Kuku! Nimeumia.

Alhamisi, 7 Novemba
Kuku ni mguu mmoja. Mwingine unaukunja, unapiga, huyumbi. Mimi nayumba kama mlevi. Mwalimu kasema wazi: nikiyumba tena Jumamosi, nafasi anapewa mwingine. Nimemsimulia Neema, tunayekaa naye chumba kimoja hapa ugenini, mtaa wa Xiaobei. Kacheka mpaka kakaa chini. "Yaani dada, umepanda ndege kuja kuwa kuku?" Hasira. Na aibu.

Ijumaa, 8 Novemba
Nikiwa napima kitambaa nimemkumbuka baba. Singida alifuga kuchi, majogoo wa kupigana. Nimewalisha, nimewaosha damu. Kuchi hapapatiki. Anashusha shingo, anamkazia mwenzake jicho, mguu kauficha tumboni, katulia tuli. Akiruka, kwisha habari. Mjinga mimi! Miezi yote namwiga Mwalimu anayemwiga kuku. Kuku mwenyewe namjua mimi.

Jumamosi, 9 Novemba
Shingo chini. Jicho mbele. Mguu juu. Mwalimu kanizunguka, kanisukuma bega. Wapi! Kasukuma kwa mikono miwili. Sikutikisika. Kauliza nani kanifundisha. Nikamjibu kwa Kichina changu cha sokoni: baba, na majogoo wake. Hakucheka. Kesho naingia.

Jumapili, 10 Novemba
Simu zote zinanirekodi mimi, Mwafrika peke yangu kati ya wale kumi na wawili. Niliposhusha shingo wakacheka. Wacheke. Nikapiga. Kisha makofi, na Neema na vigelegele vyake hadi walinzi wakageuka. Nimejivuna. Sifichi, nimejivuna sana, na baba angekuwepo angejivuna kunishinda.

Jumatatu, 11 Novemba
Manyunyu. Tumekuja saba tu. Ya jana hakuna aliyeyataja. Kuna mwanafunzi mpya, mama wa Kichina mwenye duka la viatu soko la Zhanxi. Mwalimu hakumwonyesha chochote. Kamsimamisha nyuma yangu, kamwambia anitazame mimi. Nikainua mguu, polepole, ili aone vizuri.