Ile Safari ya Ziwani Tuliyoipanga Kila Kipwa

Mume wangu Saidi,

Nimebakiza siku tisa nitoke eda. Miezi yote hii nimekaa kwenye jamvi la chumbani, na kipwa chote, msimu wetu usio na mvua, kimepita nikikisikia tu: baridi ya alfajiri, vumbi, pikipiki za wenzako zikielekea Kabambare. Ndicho kipwa tulichosema tutasafiri. Watu wanakuja kuniambia nimshukuru Mungu, nami naitika ndiyo. Lakini kuna jambo nililokuficha, na sina wa kumwambia ila wewe, nawe husikii.

Unakumbuka ulivyoichora njia? Ulichana karatasi ya daftari, ukainama mezani. "Kasongo hapa. Lusangi tunakunywa chai. Kabambare tunalala. Kisha Lulimba, kisha milima." Ulipofika kwenye milima kalamu ilijipindapinda hadi ikatoka nje ya karatasi, nikakuuliza kama ziwa liko juu ya meza.

"Zaina, weye cheka tu," ulisema. "Siku utafika kule juu Fizi asubuhi, baridi inakukata masikio, ukungu unafunguka, unaona Tanganyika yote iko chini. Utanyamaza, weye mwenye mudomo hivi!"

Mimi mtoto wa Kasongo, maji makubwa niyajuayo ni Lualaba. Ulinisimulia kwenu Baraka, mawimbi, mikeke, samaki wenu wa kuchoma mchangani, hadi nikawa naota. Ulinunua triko mbili za sufu sokoni kwa ajili ya baridi ya mlimani. Yangu ilikuwa na mikono mirefu, vidole vyote vikapotea. Ulinivalisha mchana wa jua kali, jasho likinitiririka, ukasema nimependeza. Mwongo mkubwa wewe.

Na kila kipwa kilipokuja nilipata sababu. Mara mpunga haujavunwa. Mara harusi ya mdogo wangu. Mwaka huu sababu ziliniishia, nikashika madaraja. Nikasema sipandi pikipiki juu ya miti iliyooza mpaka wewe mwenyewe ukaangalie. Nilijua ninyi wa pikipiki mna desturi hiyo: mvua zikielekea kwisha, mmoja hutangulia bila abiria wala mzigo, akapime kila daraja kwa miguu yake, ndipo abebe mtu wa nyumbani. Nilijua hutakataa. Nikafikiri utarudi na habari mbaya, tutasema basi, mwaka ujao.

Hukungoja hata mvua iishe. "Nitahesabu mupaka misumari, madamu," ulisema, ukaondoka unapiga mluzi. Siku ya nne walikuja wenzako wawili, wakavua kofia mlangoni, nikajua. Mto ulikuwa umejaa, na gogo moja la daraja liligeuka chini ya miguu yako. Walikuzika Kabambare siku ileile uliyofariki, kama dini inavyotaka, nami nikaingia eda huku Kasongo. Kaburi lako sijaliona.

Saidi, mimi sikuogopa madaraja. Ningepita hata juu ya kamba, mradi nimekushika kiuno. Nilimwogopa mama yako. Miaka saba ya ndoa, nishuke pale Baraka bila mtoto mgongoni, bila mimba, mawifi wametoka uani kunikagua? Niliona haya. Mdomo huu unaogombana na soko zima ulishindwa kukuambia neno moja. Ungecheka, ningenuna, ungenibembeleza, na mambo yangekwisha siku ileile. Kwa nini sikukuambia! Ole wangu mimi.

Mama yako alikuja msibani. Mzee yule, kwa njia ileile, juu ya pikipiki ya watu, kila daraja akishushwa na kuvuka kwa miguu. Nilijifunika uso kwa mtandio nikingoja aniulize mwanawe yuko wapi. Akaketi jamvini, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akaniambia, "kila kipwa nilikuwa nafagia chumba chenu. Nilimwambia Saidi, uniletee tu huyu bibi wako nimuone. Mutoto ni wa Mungu. Mie nilitaka weye."

Sikulia. Tangu siku ile nimekauka, hata chozi halitoki. Nilichokimbia miaka yote hakikuwepo, na kwa kukikimbia nimekuua. Watu wakisema ni kazi ya Mungu, natamani kuwapigia kelele kwamba ni kazi yangu.

Siku tisa zikiisha watanikogesha, watanivisha nguo mpya, wataniambia niko huru kwenda popote. Nitakwenda wapi? Kabambare ni karibu, lakini nikisimama juu ya udongo wako nitasema nini? Mama yako anangoja nikakae naye Baraka. Bado anadhani ulikwenda kuangalia njia kwa sababu ulikuwa mwangalifu, na anakusifu kwa hilo mbele ya wageni wote. Mimi nainamisha kichwa, nanyamaza.

Mungu akulaze pema. Usinisamehe upesi.

Mkeo,
Zaina