Gauni Lako Limeingia Kwenye Pipa la Karatasi

Mama Kulwa,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa mazoea, maana miaka sita sikuwahi kuingia kwenye banda letu la karatasi asubuhi bila kukuamkia, hata siku tulizokuwa tumenuniana. Kesho kutwa ni misa yako ya mwaka. Kabla sijakaa mbele ya ndugu zako, nataka nikiri kwako kwanza. Lile gauni lako la bluu nimelichambua uzi kwa uzi, nikazikata nyuzi zake kwa mkasi, nikazitia kwenye pipa la rojo ya karatasi.

Usiinuke. Nisikilize.

Unaikumbuka siku nesi Paulina alipokuja kutoka zahanati ya Mwakitolyo na ule mfuko wa plastiki, baada ya zile mvua za Elnino. Awali, kadi za kliniki zilipoadimika, alikuwa ametuomba sisi wanawake wa karatasi tumtengenezee za watoto wa zahanati yake, nasi tukajivuna Shinyanga nzima. Basi siku hiyo akaumwaga ule mfuko juu ya meza yetu. Kadi zote zilikuwa vipande. Akina mama wa kule wanashinda kwenye madimbwi wakiosha mchanga wa dhahabu. Kadi wameikunja mara nne, wameifunga kwenye pindo la kanga, na pindo linalowa kutwa nzima. Kila kadi ilikuwa imekatikia kwenye kunjo. Nesi alisema kuna mtoto aliyekosa sindano ya surua kwa sababu kipande chenye tarehe kilipotea. Akasema tukimpa tena kadi za namna ile ataachana nasi. Hakuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Wewe ukasema tuongeze pamba. Tukatengeneza kadi nene, zikakatika upesi kuliko za kwanza. Mimi nikasema tutafute nyuzi ndefu kidogo za kuishikilia karatasi pale inapokunjwa, kama tunavyochanganya nyasi kwenye udongo wa kukandikia nyumba. Nikataja zile nyuzi zinazong'aa za vitambaa vya dukani. Ukaniangalia kana kwamba nimemtukana mkwe.

"Minza," ukasema, "karatasi yetu ni pamba tupu. Ukitaka nailoni, nenda kafume mikeka."

Maneno yenyewe ulikuwa umeyaandika hata mlangoni, kwa rangi nyekundu na kwa mkono wako: KARATASI YA PAMBA TUPU. Nami nikajibu kwamba hata kichwa chako ni pamba tupu. Mbele ya wenzetu wote. Mbele ya Doto wako.

Siku tisa hatukusemezana ila shikamoo na marahaba. Siku ya kumi Doto akaja akilia, kwamba presha imekuangusha shambani. Nilipofika hospitali ulikuwa umeshafunikwa shuka. Sikukuomba msamaha, Mama Kulwa. Neno lile nimelibeba mwaka mzima na bado linanitia aibu. Nisamehe. Haya, nimelisema.

Siku ya kugawa nguo zako, dada yako Nyanzala aliniita mbele ya ukoo, akanipa lile gauni la bluu la Jumapili. Alisema mwanafunzi naye ni mtoto. Akataka nilivae siku ya misa ya mwaka, watu waone kwamba umeacha mtu. Nililipokea kwa mikono miwili. Nilipofika nyumbani nikaona kwenye upindo wa chini uzi mmoja umechomoza. Unanijua mimi na uzi uliochomoza. Nikauvuta.

Uliponyooka mkononi ukanikumbusha ugomvi wetu. Kesho yake nikaupeleka dukani kwa Baba Anil, yule Mhindi aliyekuuzia kitambaa chenyewe. Nilimwuliza kama nailoni hii inaweza kushikana na pamba kwenye maji. Akachukua kiberiti, akauchoma ule uzi palepale juu ya kaunta. Uliungua kama karatasi, ukanuka kama karatasi, ukaacha majivu mepesi. Kisha akachoma uzi wa kitambaa kingine. Huo ukayeyuka, ukaacha kishanga kigumu cheusi.

"Hicho kishanga ndiyo nailoni na ndugu zake," akaniambia. "Hii yako ni rayoni, mama. Inatoka kwenye mti. Wanausaga, wanauyeyusha kwa dawa, halafu wanauvuta uwe uzi."

Mti, Mama Kulwa! Nilicheka mpaka wateja wakageuka, halafu nikakaa kwenye gunia la chumvi nikalia. Miaka yote hiyo ulikuwa unakwenda kanisani umevaa kitu ulichokikataza bandani, na kumbe ni ndugu ya pamba, ila kinang'aa tu. Mimi nami sina cha kujivunia. Kama wewe, nilidhani ni nailoni. Katika kelele zetu zote hakuna aliyewasha njiti moja ya kiberiti.

Nilitaka kununua kitambaa kipya, naapa. Tulichoma nyuzi za kila jora lenye mng'aro mle dukani, zote zikaacha kishanga. Baba Anil akaahidi kuulizia kiwandani Mwanza kama wana nyuzi zenyewe kabla hazijafumwa. Akasema itachukua miezi, na nesi alitaka kadi kabla ya mvua. Nikalitazama gauni lako wiki nzima. Halafu nikachukua mkasi.

Sasa nikuambie kazi, maana najua ndiyo unayotaka kuisikia. Mara ya kwanza niliziacha nyuzi ndefu kama kidole. Zikajisokota pipani, zikawa vifundo, na karatasi ikatoka na chunusi. Mara ya pili nikaziponda kinuni pamoja na pamba, zikakatikakatika na faida yote ikapotea. Mara ya tatu nikajaza nyingi. Karatasi ikawa na manyoya na ukiikwangua inachambuka, kwa sababu nyuzi zile ni laini, zenyewe kwa zenyewe hazishikani. Lazima pamba izishike. Hapo nikakusikia kabisa ukicheka.

Basi ndivyo ninavyofanya. Pamba naiponda kama ulivyonifundisha, sipunguzi hata dakika. Nyuzi za rayoni nazikata urefu wa punje ya mchele, nazilowesha, nazifikicha mpaka ziachane, kisha nazitia mwisho kabisa, kiganja kimoja kwa tisa vya pamba, na nakoroga polepole. Gundi yako ya ngozi ya ng'ombe na shabu sikuigusa. Hiyo ndiyo inayoyachelewesha maji kupenya, na bila hiyo gauni zima lisingetusaidia. Karatasi inakauka nyembamba, laini, na ndani yake unaona vijiuzi vya bluu vimelala huku na huku. Niliikunja na kuikunjua mbele ya wenzetu mpaka wakachoka kuhesabu.

Nilimpa nesi Paulina kadi hamsini mvua zilipoanza. Sikulala vizuri msimu ule. Kila ngurumo nilikuwa naona pindo la kanga. Kama zingekatika tena, banda lingefungwa, wenzetu wangerudi kwao na mimi ningebaki yule aliyekutukana halafu akachana gauni lako bure.

Mwezi uliopita amekuja, na mfuko uleule wa plastiki. Nilitaka kutoka nje. Akazipanga mezani moja moja. Zimechafuka, zina matope ya madimbwini, zina alama ya fundo la kanga. Lakini ni nzima, Mama Kulwa! Kwenye makunjo zimelegea, hazikukatika, na tarehe zote zinasomeka. Arobaini na saba alikuwa nazo. Familia mbili zimehamia machimbo mengine na kadi zao, na mama mmoja amekataa kuiachia hata ya kuonyesha, amesema ni ya mwanawe na haiendi popote. Nesi anataka kadi za watoto wote wa zahanati, na za wajawazito pia.

Gunia la Baba Anil nalo limefika. Kiwandani wameliandika viskosi, ndiyo rayoni yenyewe. Ndani yake mna nyuzi nyeupe, zimekatwa kwa mashine urefu mmoja, hakuna haja ya mkasi. Wenzetu wamefurahi. Mimi nimefurahi, na nimekumbuka ile bluu.

Jana nilichukua brashi na chokaa, nikaenda mlangoni. Maandishi yako yapo, mekundu vilevile. Nimelifuta neno moja tu, lile la mwisho. Nilifuta taratibu, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Kesho kutwa Nyanzala atanitafuta nikiwa na gauni la bluu, na mimi nitakuja na sketi yangu ya kahawia. Sitamsubiri aulize. Nitakwenda kwake kabla ya misa, nimpigie magoti, nimwambie nilichofanya kwa mkasi wangu mwenyewe. Akinifukuza kwenye kiti cha ukoo nitasimama nyuma. Sitasema uongo, wala sitasema najuta.

Halafu nitamwomba Kulwa anipe ile kadi. Hujaambiwa? Kulwa amejifungua, mtoto wa kike, ana uzito mzuri, ana hasira zako. Karatasi ya mwisho yenye nyuzi za bluu nilikuwa nimeificha, nikamkatia yeye kadi yake. Nitaifunua mbele ya Nyanzala nimwonyeshe pale katikati, penye kunjo. Uzi wako mmoja umepita hapohapo, umeshika upande huu na upande huu.

Nakuahidi mambo mawili. Pipa halitakauka nikiwa hai. Na msichana yeyote atakayeniambia nimekosea, nitamnunia, kisha nitawasha kiberiti tuone.

Lala, mayu, mama yangu. Wabeja sana, asante kwa yote.

Mwanafunzi wako,
Minza