Neno Moja Ulilokiri Hulijui

Mwaka umetimia, Ambrose Thirkell, tangu tulipokuzika hapa Louth katika mvua ya Novemba. Ulituacha ukiwa umefika herufi ya mwisho ya kamusi yako ya asili za maneno ya Kiingereza.

Ulikuwa kasisi mwenye mahubiri mafupi na mazungumzo marefu sokoni. Mfuga kondoo akitamka neno geni, ulimkamata koti, humwachii mpaka akueleze bibi yake alilitumiaje. Kuuliza si ujinga, lakini wewe ulipitiliza! Supu ilipoa, mkeo Thomasin akilalama unamwuliza neno hilo la kulalamia kalitoa wapi. Ulituchosha, baba. Laiti ungekuwepo utuchoshe tena.

Neno la kawaida kabisa, "dog", lile tunalomwitia mbwa kwa Kiingereza, ndilo lililokushinda. Miaka kumi na mmoja ulilisaka katika Kilatini, Kijerumani na Kidenishi. Wenzako walidai ni la Kiyunani, nawe ukaandika hivyo. Wiki ya mwisho ya uhai wako ulikifuta hicho Kiyunani ukaandika: "Asili yake siijui."

Machi alikuja Bwana Cobley, mpiga chapa wa London.

"Mama, kamusi gani hii haimjui hata mbwa? Tutachekwa! Rudisheni Kiyunani, au mtafute mtu mwingine."

Mtu mwingine hatukuwa naye. Thomasin alishika kalamu. Usimlaumu, aliogopa kazi ya maisha yako ingeliwa na panya. Binti yako Damaris akamshika mkono.

"Mama, baba alikuwa mwongo?"

"Mwongo wapi! Hata kwa mapishi yangu hakujua kudanganya."

"Basi usimtie uongo mdomoni leo, hawezi kukubishia."

Bwana Cobley aliondoka mikono mitupu, karatasi zako zikabaki sandukuni. Thomasin alilia siku mbili. Tulidhani tumekuzika mara ya pili.

Mwezi uliopita nduguyo Giles alimleta mpiga chapa mwingine, mzee asiyekufahamu kabisa. Alifunua hapa na pale, akafika kwenye mbwa, akacheka. Kisha akavua miwani.

"Huyu nitamchapa. Mtu aliyekiri hapa kwamba hajui, kwingine kote nitamwamini."

Wakukumbukao kwa mapenzi: mkeo Thomasin, binti yako Damaris na nduguyo Giles.

Hutatutoka moyoni kamwe.